Je, wajua kwa nini mwajiri hushtakiwa hata kama hakuna aliyeumia?

Mkaguzi wa usalama kazini akikuta msumeno wa duara umeondolewa kinga yake, hahitaji kuuliza kama kuna aliyekatwa kidole. Katika nchi nyingi kosa hutimia pale mfanyakazi anapoachwa kwenye hatari. Jeraha au kifo huongeza uzito wa adhabu tu.

Uingereza, ambayo Sheria yake ya Afya na Usalama Kazini ni ya mwaka 1974, ililiweka jambo hili wazi mwaka 1993 katika kesi ya Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London. Minara yake ya kupozea maji haikusafishwa na kutiwa dawa ipasavyo, ikawa na bakteria wa legionela, wanaosababisha homa kali ya mapafu. Utetezi ulidai haijathibitishwa kuwa kuna mpita njia aliyevuta bakteria hao. Mahakama ya Rufaa ikakataa: uwezekano wa kudhurika unatosha.

Kuna linalowashtua wakurugenzi wengi zaidi ya hilo. Chini ya sheria hiyo, hatari ikishathibitishwa, ni mwajiri anayepaswa kuonyesha kwamba alifanya yote yaliyowezekana kwa kiasi cha kuridhisha. Hapo ndipo kesi nyingi huharibika. Tathmini ya hatari imenakiliwa kutoka kiwanda kingine, inataja mashine ambazo hapa hazipo. Orodha ya mafunzo haina saini wala tarehe. Au mwajiri anaonyesha helmeti na glovu alizonunua, ilhali vifaa vya kujikinga ni hatua ya mwisho: kwanza ondoa hatari yenyewe, ukishindwa izibe kwa kinga au uzio.

Mkaguzi pia ana meno kabla ya mahakama. Notisi ya kurekebisha hutoa muda, na kwa Uingereza ukikata rufaa inasitishwa kwanza. Notisi ya kuzuia kazi haisitishwi hivyo. Mashine inabaki imezimwa mpaka baraza la rufaa liseme vinginevyo. Kuiwasha ni kosa jipya, linaloweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 2.

Mkurugenzi aliyejua akanyamaza, au aliyezembea, hushtakiwa binafsi pamoja na kampuni. Mfanyakazi aliyefungua kinga makusudi ili aharakishe kazi naye ana kesi yake. Bima hulipa fidia ya majeruhi, lakini faini ya jinai hailipi.