Kumeza kunauma wakati wa mionzi ya kifua: usikatishe tiba

Umio ni nini, na kwa nini unauma?
Ni njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Unapita katikati ya kifua, hivyo mionzi inayolenga saratani ya mapafu au ya umio wenyewe huchubua utando wake wa ndani. Maumivu huanza kwa kawaida wiki ya 2 au ya 3. Anayepewa pia dripu za kemo, yaani dawa za saratani, kipindi hichohicho huumia zaidi.

Basi nipumzike mionzi hadi kidonda kipone?
Hapana. Mtu anahudhuria hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, vizuri, Jumatatu hadi Ijumaa, siku tonge linapoanza kukwama anabaki nyumbani Mbagala kimya, hata simu hapigi. Anarudi amekonda, na seli za saratani zilitumia siku hizo kuzaliana. Mwenye kuamua mionzi isimame ni daktari, akishakuona. Si wewe, si shangazi, si jirani.

Nimeambiwa ninywe tangawizi ya moto na ndimu.
Tafadhali, acha. Hapo umechubuka, unamwagia ndimu! Pilipili, achari, pombe, sigara na chai ya moto viache pia.

Nitakula nini, na maumivu je?
Uji wa maziwa wenye karanga zilizosagwa, mtori, parachichi, mayai laini, supu iliyopoa. Kidogo kidogo, mara nyingi. Omba dawa ya maumivu ya maji, uinywe kama nusu saa kabla ya kula. Wengi wanakataa mofini wakidai ni ya wanaokufa. Wanalala njaa na chupa ipo kabatini. Si ya wanaokufa, ni ya wenye maumivu makali. Ukiona utando mweupe mdomoni, onyesha: huenda ni fangasi, nao wana dawa yake.

Nisubiri kliniki ijayo?
Usisubiri. Hata maji hayapiti, unatapika damu, choo cheusi, homa, mkojo umepungua, au unapaliwa kila ukinywa: nenda leo. Ikiwa ni usiku, nenda usiku huohuo, hospitali iliyo karibu, na useme unapigwa mionzi.

Itaisha lini?
Kwa wengi, wiki chache baada ya mionzi kumalizika. Miezi ikipita kisha chakula kikaanza kukwama tena, rudi. Umio unaweza kuwa umesinyaa kwa kovu, na hospitalini hutanuliwa kwa kifaa kinachopitishwa mdomoni.

Na nikiwa tayari nimekaa nyumbani siku kadhaa?
Njoo kesho asubuhi. Hatugombi.