Vita na Vifo vya Kujiua: Maswali na Majibu

Je, ni kweli kwamba wanaojiua hupungua wakati wa vita?

Mara nyingi takwimu huonyesha hivyo. Mwaka 1897, mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim alitoa mfano wa vita vya mwaka 1866 kati ya Austria na Italia: nchini Italia vifo vya kujiua vilishuka kutoka 678 mwaka 1865 hadi 588 mwaka wa vita, kisha vikapanda hadi 657. Uingereza nako vilipungua katika Vita Kuu zote mbili za Dunia.

Sababu ni nini?

Durkheim aliamini kwamba hatari ya pamoja huwaunganisha watu, na anayejiona ana nafasi miongoni mwa wenzake hukingika. Maelezo hayo yana uzito, ila hayatoshi. Vita vya Dunia vilipunguza ukosefu wa ajira, ambao wenyewe huongeza hatari. Tena pale ofisi za usajili zinapofungwa na watu kukimbia, aliyejiua huweza kuzikwa bila kuandikwa popote, au kuhesabiwa miongoni mwa waliouawa vitani. Kwa hiyo upungufu huo usichukuliwe kuwa ushahidi wa afya njema ya akili.

Je, vita ndivyo vinavyoamua kila kitu?

Hapana. Sri Lanka ilikuwa vitani kuanzia mwaka 1983 hadi 2009, na mwaka 1995 watu takriban 47 katika kila laki moja walijiua. Kufikia mwaka 2005 kiwango hicho kilikuwa kimepungua kwa karibu nusu, na vita bado havijaisha. Kilichochangia zaidi ni serikali kupiga marufuku, kwa hatua za mwaka 1995 na 1998, viuatilifu vyenye sumu kali, yaani dawa za kuua wadudu shambani ambazo wengi walizitumia kujiua. Kwa maoni yangu, hili ndilo linalostahili kuzingatiwa na wapanga sera kuliko mjadala wote wa mshikamano.

Na vita vikiisha?

Mshikamano hulegea, huku majeraha ya moyo, ufiwa, umaskini na ulevi vikibaki na askari, wakimbizi na wajane.

Nifanye nini nikimhofia ndugu yangu aliyepitia vita?

Muulize waziwazi, kwa upole, kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikiri, usimwache peke yake, ondoa silaha na sumu za shambani nyumbani, kisha fuatana naye hadi kituo cha afya siku hiyohiyo, hata akisema kwamba sasa ametulia.