Kofia kwanza, mlango baadaye: rangi ya machungwa na gari la mwindaji Alabama

Geti la shamba tunakowinda lina mnyororo mzito na kufuli ambalo asubuhi za Desemba hugoma kufunguka. Desturi ya huku ni kwamba aliyekaa kiti cha abiria ndiye anayeshuka kufungua. Siku hiyo abiria nilikuwa mimi. Ilikuwa kama saa kumi na mbili na robo alfajiri, kiza kimeanza kuwa kijivu, na dereva alikuwa amezima taa ili tusiwafukuze kulungu. Kofia yangu ya rangi ya machungwa, ile inayomfanya mwindaji aonekane na wenzake, ilikuwa juu ya dashibodi. Mwilini nilivaa jaketi la kahawia. Nikashuka, nikatembea hatua kama ishirini, nikainama kushughulika na lile kufuli, dakika mbili hivi.

Saa nne asubuhi tulipokusanyika kunywa kahawa, kijana mmoja wa kikundi chetu alinivuta pembeni. Midomo ilikuwa inamtetemeka. Akaniambia kwamba alfajiri ile alikuwa juu ya dungu lake, mbali kidogo na geti, akaona kitu cha kahawia kimeinama kwenye usawa wa uzio. Akakitazama kwa darubini ya bunduki. Akasubiri kiinue kichwa ahesabu pembe. Kilipoinua kichwa, kilikuwa mimi.

Kijana huyo alikosea kunitazama kwa darubini ya bunduki, maana ukifanya hivyo mtutu nao unanitazama. Lakini kosa la kwanza lilikuwa langu. Tangu hapo nimekuwa mkufunzi wa kujitolea wa usalama wa wawindaji hapa kaskazini mwa Alabama, Marekani, na swali ninaloulizwa zaidi na Waswahili wenzangu, Wakenya, Watanzania na ndugu zetu wa Kongo wanaokuja kufanya kazi huku, ni hili: "Mwalimu, nikiwa ndani ya gari lazima nivae ile rangi?"

Jibu la sheria ni fupi: ndani ya gari lililofungwa, hapana. Jibu langu mimi ni refu.

Kanuni ya Alabama inasema kwamba katika tarehe na maeneo ambamo kulungu wanawindwa kwa bunduki, kila anayewinda, hata mwenye upinde, hata aliyefuata sungura au kuchakuro, lazima avae rangi ya machungwa ya wawindaji. Wanaoachwa nje ni wachache, kama wawindaji wa bata mzinga na wa ndege wahamao, na wale wanaowinda rakuni, mnyama mdogo wa porini, usiku. Unachagua kimoja: vazi la juu ya kiuno lenye angalau inchi 144 za mraba za rangi hiyo, au kofia kamili. Ionekane kutoka pande zote. Kofia iwe ya rangi hiyo tupu; nembo ndogo mbele inakubaliwa. Ile ya machungwa iliyochanganywa na mabaka ya majani haikubaliwi.

Kisha unakuja msamaha, na hapa ndipo watu wanaposoma nusu ya sentensi. Huhitaji kuvaa ukiwa juu ya dungu lililo futi 12 au zaidi kutoka ardhini, au ndani ya kibanda kilichofungwa, au ukisafiri ndani ya gari lililofungwa, au ukitembea kwa miguu umbali usiozidi futi 20, moja kwa moja, kati ya gari lililofungwa na dungu au kibanda ambamo umesamehewa.

Futi 20 ni kama mita sita. Darasani naleta futi ya fundi, naivuta chini kutoka mlango wa pikapu iliyoegeshwa nje, halafu namwambia mmoja atembee. Hatua nane, tisa, amefika mwisho. Watu hushangaa, kwa sababu kichwani mwao futi 20 zilikuwa kama uwanja mzima. Sasa niambie ni wapi umewahi kuegesha gari hatua nane kutoka kwenye dungu. Pengine kwenye kibanda kilichojengwa kando ya njia ya shamba, basi. Wengi tunaegesha mbali ili harufu ya mafuta na kishindo cha milango visifike kule tunakokaa. Kwa hiyo kwa mwindaji wa kawaida msamaha wa gari unaishia pale mlango unapofunguka.

Na zingatia neno "moja kwa moja". Ukizunguka nyuma ya gari kutafuta begi, ukaingia kichakani kujisaidia, au ukaenda kuangalia kama kuna nyayo kwenye matope, hauko tena kwenye njia ya moja kwa moja. Geti langu halikuwa dungu wala kibanda. Hata lingekuwa hatua tatu kutoka kwenye gari, msamaha usingenihusu.

"Gari lililofungwa" nalo lina maneno. Nyuma ya pikapu si ndani ya gari. Ile pikipiki ya magurudumu manne haina mlango wa kufunga, na vile vigari vya porini vyenye paa na vyuma bila milango mimi navihesabu kuwa wazi. Nawaambia wanafunzi wangu wasitafute ubishi wa mtu wa sheria hapo: kama upepo unakupiga kifuani, vaa. Nasisitiza hili zaidi kwa wanaoshiriki uwindaji wa kutumia mbwa, ambao bado una nguvu sana katika baadhi ya wilaya za jimbo hili. Mbwa wanaachiwa msituni, wawindaji wamepangwa pembezoni mwa njia za udongo, pikapu zinapita zikifuata sauti ya mbwa, watu wanaruka chini na kupanda tena mara kumi kwa saa moja. Kila anayeruka yuko ardhini kati ya watu wenye bunduki ambao macho yao yanangoja kitu cha kahawia kinachokimbia. Sijui siku ambayo rangi hii ina kazi kubwa kuliko hiyo.

Nataja barabara kwa haraka kwa sababu maswali huja pamoja. Kufyatua risasi ukiwa kwenye barabara ya umma, au kuivusha barabara hiyo, ni kosa. Kwa bunduki za kulungu, kuwinda ndani ya yadi 50 kutoka barabarani nako ni kosa, isipokuwa kwa mwenye ardhi na familia yake wakiwa kwenye ardhi yao. Na mimi sipandi chombo chochote na bunduki yenye risasi. Natoa risasi, nafungua chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, namwonyesha mwenzangu, ndipo naingia. Wengine huona nawachelewesha. Wasubiri.

Kuna jambo jingine la safari ambalo limewaingiza watu matatani, nalo ni mipaka ya majimbo. Inchi 144 za mraba ni kipande cha futi moja kwa futi moja. Ukivuka kwenda Georgia, Tennessee au Mississippi, kiwango ni inchi 500, na Florida vilevile kwenye ardhi za umma. Kofia pekee inayokutosha Alabama haikutoshi ng'ambo. Kutoka hapa nilipo hadi Tennessee ni mwendo mfupi sana, na watu wanaalikana. Nunua kizibao kipana tangu mwanzo, na kofia. Bei yake haifiki ya sanduku moja la risasi nzuri. Na kila msimu soma upya kijitabu cha kanuni cha jimbo unalokwenda, kwa sababu hubadilika.

Wengi wenu mna vile vizibao vya kazini, vya ghala au kiwandani, vyenye mistari inayoakisi taa, tunavyoviita reflekta kama za bodaboda. Vingi ni vya kijani-njano. Porini hapa havihesabiki. Nimeshamrudisha nyumbani mwanafunzi aliyekuja na hicho kwenye siku ya mazoezi, kijana mzuri kabisa, na nilimpa kofia yangu ya akiba aondoke nayo.

Sababu ya kuchagua machungwa nazipenda, niruhusuni nizieleze. Msitu wa vuli una kahawia, kijivu, kijani, njano na hata wekundu wa majani, lakini machungwa yanayowaka namna hii hayamo. Kitambaa chake hakirudishi tu mwanga wa machungwa unaokipiga. Kinameza pia sehemu ya mwanga wa bluu na mionzi ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho yetu, kisha kinautoa kama machungwa. Ndiyo maana chini ya mawingu, au alfajiri wakati mwanga wa anga una bluu nyingi, kizibao huonekana kama kina taa ndani yake. Kulungu wa mkia mweupe haoni hivyo. Jicho la binadamu lina aina tatu za seli za rangi, la kulungu lina mbili, na inayopambanua wekundu hana. Kwake wewe ni kitu chenye rangi iliyofifia kati ya majani yaliyofifia. Bluu ndiyo anaiona vizuri, hivyo suruali ya jinzi inakusaliti kuliko kofia. Na usifue kizibao kwa sabuni zile za kung'arisha nguo: zinaacha dawa inayowaka bluu.

Sasa turudi garini, kwenye dashibodi. Hapo ndipo kila mtu anapotupa kofia yake, Novemba hadi Februari, na wengine huisahau hadi mwaka unaofuata. Jua likipita kwenye kioo linaiua rangi hiyo polepole, maana ile ile mionzi inayoifanya iwake ndiyo inayoichosha. Mwaka jana nilichukua kofia mbili zilizonunuliwa siku moja, duka moja. Moja ilikaa kabatini, nyingine kwenye dashibodi ya pikapu yangu tangu Machi hadi Oktoba. Nilipoziweka sambamba mbele ya darasa, ile ya dashibodi ilikuwa na rangi ya kiazi kitamu kilichochemshwa. Upande uliokuwa umelala chini bado uliwaka. Mama mmoja Mkongo aliyekuja na mwanawe aliichukua, akaigeuzageuza, akasema, "Mwalimu, hii ni majani makavu." Ndiyo hasa. Usiku huohuo nilisikia kwamba wanafunzi watatu walikwenda kununua kofia mpya.

Tuliolelewa Kenya hatukurithi mazoea haya kutoka kwa baba zetu. Uwindaji ulipigwa marufuku kwetu mwaka 1977, na mtu wa rika langu alikua akijua bunduki msituni ni ya askari wa wanyamapori au ya jangili. Kwa bahati tu, mwaka huohuo 1977 ndio Alabama inaoutumia kama mpaka: aliyezaliwa tarehe 1 Agosti 1977 au baadaye lazima apite mafunzo ya wawindaji kabla ya kununua leseni. Kwa hiyo wengi wenu mtakuja darasani, na wengine mtanikuta mimi. Jueni mapema kwamba swali la gari nitawauliza mimi.

Utaratibu wangu ni huu. Kizibao na kofia navaa nyumbani, sebuleni, kabla sijashika ufunguo. Naendesha nikiwa nimevaa, ingawa sheria imenisamehe. Navua nikirudi, baada ya kufunga mlango wa nyumba. Hakuna saa ya kukumbuka, hakuna kuhesabu futi. Pancha ikitokea katikati ya msitu, nimevaa. Mwenzangu akipiga simu kwamba kamjeruhi kulungu na anahitaji wa kufuata damu, nashuka hivyohivyo. Kwenye geti nashuka hivyohivyo. Mpwa wangu wa miaka kumi na mitatu, ninayemchukua siku maalumu za uwindaji wa vijana, haingii kwenye pikapu yangu kabla sijaiona kofia kichwani. Alilalamika wiki ya kwanza kwamba inamwasha. Nilimnunulia ya pamba.

Jambo la mwisho ni jioni, kwa sababu safari ya kurudi garini ni hatari kama ya kwenda, na rangi hii ina mpaka wake. Uwindaji wa kulungu unaruhusiwa hadi nusu saa baada ya jua kuzama. Dakika zile za mwisho mwanga unaoiwasha nguo yako unaisha, na giza likishika, kizibao cha machungwa ni kitambaa cheusi kama kingine chochote. Wakati huohuo kila mwenye dungu anateremka, na baadhi bado wana risasi kwenye chemba. Mimi natoa risasi nikiwa juu, nashusha bunduki kwa kamba, nateremka, kisha nawasha tochi ya kichwani, mwanga mweupe, wa nguvu yote. Natembea nikiongea au nikipiga mluzi. Wengine huzima tochi wakiliona gari, wakidhani wamefika. Yangu inabaki inawaka hadi nimeketi na mlango umefungwa.