Kabla hujamwambia mgonjwa ashukuru

"Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana na libarikiwe." Sijui msiba wa Kikristo ambao maneno haya ya Ayubu hayakusomwa, na siyapingi hata kidogo. Ila yako sura ya 1. Ukifika sura ya 3, Ayubu huyohuyo anailaani siku aliyozaliwa, na kutoka hapo analalamika, anabishana, anamtaka Mungu ajieleze. Rafiki zake walikuwa wamefanya vema kukaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Wakaharibu walipofungua vinywa na kuanza kumsahihisha. Mwisho wa kitabu, 42:7, Mungu anawakasirikia wao: "hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu." Mlalamikaji ndiye aliyenena sawa.

Naanzia kwa Ayubu kwa sababu uchungaji wangu ni wa hospitali, na wodini sikutani sana na watu waliokosa shukrani. Nakutana na watu waliozuiwa kulia. Ndugu anaingia saa ya kuona wagonjwa, anaweka chupa ya uji juu ya kabati, anasema, "Mungu ni mwema!" Mgonjwa, ambaye usiku kucha hakupata usingizi kwa maumivu, anajua jibu linalotakiwa: "Kila wakati." Akijibu vingine ataonekana imani imepungua. Basi anajibu, na mazungumzo yamekwisha kabla hayajaanza.

Kuna jambo lingine ninalosikia karibu kila wodi, nalo linanikera zaidi: "Mama, mshukuru Mungu, wewe una nafuu. Umemwona yule wa kitanda cha dirishani?" Anayesema ana nia njema, najua. Lakini shukrani inayohitaji jirani awe na hali mbaya kuliko yangu ina mwenyewe katika Biblia, naye ni yule Farisayo wa Luka 18: "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Yesu hakuisifu sala ile. Tena yule wa dirishani anasikia. Vitanda vyetu havina kuta.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: "Mchungaji, ina maana nimshukuru Mungu kwa hii kansa?" Hapana. Fungua Yohana 11. Mstari wa 35 Yesu analia machozi kwa ajili ya Lazaro. Mstari wa 41, akiwa palepale kaburini, anasema, "Baba, nakushukuru kwa kuwa umenisikia." Anashukuru kwa kusikiwa. Kifo cha rafiki yake hakukishukuru, na machozi yake hakuyaomba radhi. Na Paulo aliyewaandikia Wathesalonike washukuru kwa kila jambo, sura moja nyuma alikuwa akizungumza nao juu ya wapendwa wao waliolala. Hakuwakataza huzuni, aliwakataza huzuni ya wasio na matumaini.

Paulo ndiye mwalimu wangu mkubwa katika hili, hasa Wafilipi. Waraka huu watu huuita wa furaha, nao ulitoka kifungoni. Usome polepole uone shukrani zake zilivyo na majina. Epafrodito amemletea msaada kutoka Filipi, akaugua nusura afe. Paulo anaandika kwamba Mungu alimhurumia Epafrodito, "wala si yeye tu, bali na mimi pia, nisipate huzuni juu ya huzuni." Maana yake huzuni ya kwanza ilikuwapo, na mtume hakuificha. Halafu 4:6 anasema haja zetu zijulishwe Mungu kwa kusali na kuomba pamoja na kushukuru. Ombi na shukrani katika sala moja. Huhitaji kumaliza shida kwanza.

Kwa hiyo nikikaa na mtu, simwambii ahesabu baraka zake. Namwacha alalamike, hata kama lawama zinamwendea Mungu mwenyewe. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu, na miwili ya kwanza inauliza "hata lini" mara nne. Nikiisoma, wengi hushangaa kwamba imo. Baadaye, ikiwezekana, nauliza: leo nani amekufaa? Majibu huwa madogo: muuguzi aliyeupata mshipa wa kuchoma sindano kwa jaribio la kwanza, mama wa kitanda cha pili aliyemwazima chaja. Hicho ndicho tunachokitaja kwa Mungu, kwa jina lake, pamoja na ombi la uponyaji. Akisema hakuna, naomba bila sehemu hiyo. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na bado ni sala.

Mazoea ya siku za kawaida husaidia kuliko hotuba ya siku ya msiba. Martin Rinckart alikuwa mchungaji Eilenburg, Ujerumani, wakati wa Vita vya Miaka Thelathini. Mwaka 1637 tauni iliingia mjini, akazika watu zaidi ya 4,000, mkewe akiwa mmoja wao. Wimbo wake wa shukrani ambao Walutheri wanauimba hadi leo husimuliwa kana kwamba aliutunga juu ya makaburi hayo. Inaelekea zaidi ulikuwa umetungwa kabla, kama sala ya baada ya chakula nyumbani kwake. Mimi naipenda zaidi habari hii: tauni ilimkuta mtu aliyezoea kushukuru mezani.

Jambo la mwisho ni la kitabibu kuliko la kiroho. Mtu akikaa wiki nyingi hali chakula, halali usingizi, hataki kuona watu, au akisema afadhali afe, usimtafutie mstari wa shukrani. Kaa naye, usimwache peke yake, na mfikishe kwa daktari siku hiyohiyo. Sonona ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa, na kuombewa hakumzuii mtu kumeza dawa.