Rejesta ya parokia si daftari la vizazi na vifo

Miti ya ukoo ya familia za Kiingereza imejaa mtandaoni, na karibu kila mti una mstari wa namna hii: "Alizaliwa 14 Mei 1786. Chanzo: rejesta ya parokia." Hata Waswahili wenzangu wanaowasaidia wakwe zao wa Uingereza kutafuta mababu wameshaushika. Sasa fungua kalenda ya mwaka huo uitazame tarehe yenyewe: ilikuwa Jumapili. Ukiona watoto wa kijiji kizima wamezaliwa Jumapili tupu, ujue unasoma kitabu cha ubatizo.

Maana yenyewe ni fupi. Rejesta ya parokia ni kitabu ambamo kasisi wa Kanisa la Uingereza, au karani wake, aliandika ubatizo, ndoa na mazishi ya parokia yake. Amri ya kuvianzisha ilitoka 1538, ikitolewa na Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII. Mwaka 1598 ikaagizwa viandikwe kwenye ngozi badala ya karatasi, na nakala ipelekwe kwa askofu kila mwaka. Serikali yenyewe ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo vya England na Wales tarehe 1 Julai 1837. Kwa hiyo anayekuambia ana "cheti cha kuzaliwa" cha babu wa 1786 kutoka kijiji cha Norfolk, mwombe akuoneshe.

Naelewa kosa linakotoka. Kwetu cheti cha ubatizo hupokelewa kama kielelezo pale mtu mzima anapohangaikia cheti cha kuzaliwa alichochelewa kukichukua, na mara nyingi kina tarehe ya kuzaliwa. Rejesta za Kiingereza za zamani, nyingi hazina. Kasisi aliandika kazi aliyoifanya yeye: nimembatiza huyu, wazazi wake hawa, siku hii. Mtoto aliingia duniani lini, hilo halikuwa lake.

Utasikia, "Lakini walibatizwa upesi, tofauti ni siku mbili tatu." Wakati mwingine ndiyo. Kitabu cha Sala cha 1662, kile cha ibada za Kanisa la Uingereza, kiliwataka wazazi wasivuke Jumapili ya kwanza au ya pili baada ya mtoto kuzaliwa, isipokuwa kwa sababu kubwa. Lakini katika karne ya 18 muda huo ulizidi kurefuka, na familia nyingine ziliwapeleka watoto watatu au wanne kwa mpigo. Ndipo mtafiti wetu anapotangaza kwa furaha kwamba amepata mapacha wanne, mmoja wao ana miaka sita.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Waingereza wenyewe waliiona tofauti hii mapema. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, sheria ya 1653 iliamuru kuandikwa tarehe za kuzaliwa, na kazi ikapewa mwandishi aliyechaguliwa na wanaparokia. Ufalme uliporudi 1660, mpango ukafa. Miaka ya 1770, kasisi mmoja wa Yorkshire, William Dade, alianza kuandika siku ya kuzaliwa, kazi ya baba, hata majina ya babu na bibi pande zote mbili. Mwaka 1777 Askofu Mkuu wa York akaagiza mfumo huo utumike katika dayosisi yake. Ukimpata babu yako humo, umebahatika kweli. Kisha ikaja sheria ya mbunge George Rose, na kuanzia 1 Januari 1813 nchi nzima ikatumia fomu moja iliyochapishwa: tarehe ya ubatizo, jina, wazazi, makazi, kazi ya baba, jina la kasisi. Safu ya siku ya kuzaliwa haikuwekwa! Usafi wa fomu uliondoa kile hasa tunachokitafuta leo, ingawa makasisi wachache waliendelea kukiandika pembeni.

Upande wa mazishi ni hivyohivyo: tarehe ni ya kuzikwa. Zaidi ya hapo, Kitabu cha Sala kilikataza ibada ya mazishi kwa aliyekufa bila kubatizwa, kwa hiyo kichanga kilichoishi siku moja kinaweza kukosekana kurasa zote mbili. Wabaptisti nao hawabatizi watoto wachanga, na Wakweka (Quakers, dhehebu jingine la Kikristo) hawabatizi kabisa. Kutoonekana kwa mtu rejestani si ushahidi kwamba hakuwepo kijijini. Huenda alikuwa akisali kwenye dhehebu jingine.

Na parokia si kijiji. Ile ya Halifax, Yorkshire, ilikuwa pana mno, yenye makanisa madogo Heptonstall na Elland ambako watu walibatizia watoto wao. Jina la parokia linakuambia kanisa lilipo. Nyumba ya wazazi itafute kwingine.

Basi, ndugu zangu, tusifute kitu, turekebishe tu. Programu nyingi za mti wa ukoo zina nafasi ya ubatizo kando ya ile ya kuzaliwa. Hamishia tarehe yako huko, na kwenye nafasi ya tarehe ya kuzaliwa andika "kabla ya 14 Mei 1786" au "karibu 1786". Kama mna ndugu walioandikwa siku moja, tafuteni umri walioandikiwa walipozikwa kabla ya kuwaita mapacha.