Hapana, si kila hela ya kodi ya mafuta inaenda barabarani

Ile meseji imerudi tena kwa magrupu, eti wenye magari ndio wanalipia barabara zote kupitia mafuta, kwa hiyo wa baiskeli na wa miguu wanapanda bure tu. Jamani, si hivyo. Bei ya lita moja mara nyingi ina kodi zaidi ya moja ndani yake, kuna ushuru unaoingia kapu kuu la serikali na kuna tozo ya barabara yenyewe, sasa watu wanazijumlisha zote wanaziita hela za barabara, na hapo ndo mkanganyiko unapoanzia. Uingereza kwa mfano ushuru wa mafuta unaingia kapu kuu moja kwa moja. Marekani kodi ya serikali kuu kwenye petroli imekwama senti 18.4 kwa galoni tangu 1993, haitoshi, ndo maana tangu 2008 mfuko wa barabara umekuwa ukijazwa na kodi za kawaida, yaani hata asiye na gari anachangia. Kucheki ni rahisi, tafuta mchanganuo wa bei ya mafuta wa nchi yako halafu linganisha na bajeti ya barabara. Kabla hujacheki usiiforwadi, tafadhali.