Je, wajua kwa nini Mmarekani hukatazwa kuegesha karavani kwenye kiwanja chake mwenyewe?

Karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu ya kwendea likizo, hukaa bila safari sehemu kubwa ya mwaka. Mwenyewe angependa ikae mbele ya nyumba yake. Katika mitaa mingi ya Marekani hawezi: chama cha wenye nyumba, kinachojulikana kwa kifupi kama HOA, humpa muda wa kupakia na kupakua, mara nyingi saa 24 hadi 72, kisha faini huanza. Zaidi ya watu milioni 70 nchini humo wanaishi chini ya vyama vya aina hii.

Wengi hudhani hiyo ni sheria ya mji. Siyo. Mji unaweza kuwa na kanuni zake za maegesho, lakini hizo zinasimama peke yake, na ruhusa ya mji haifuti katazo la chama. Wengine hudhani HOA ni chama kama vyama vingine: ukikichoka, unajitoa. Dhana hii ndiyo inayowaponza watu, hasa wahamiaji wanaonunua nyumba ya kwanza. Mara nyingi uanachama umefungwa kwenye kiwanja chenyewe, na mlango wa kutokea ni kuuza nyumba. Wapo pia wanaokimbilia Katiba na uhuru wa mtu nyumbani kwake. Katiba ya Marekani, kwa sehemu kubwa, huifunga mikono serikali, si majirani. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya California iliamua kesi ya mwanamke aliyefuga paka watatu ndani ya nyumba yake, paka ambao hawakuruhusiwa na masharti ya jengo. Alishindwa. Mahakama ilisema sharti lililosajiliwa huchukuliwa kuwa halali mpaka ithibitike kwamba halina mantiki kwa jengo zima.

Sasa, sharti ambalo hukulitia saini linakubanaje? Chukua shamba lenye njia ya kwenda kisimani. Unalinunua, na majirani wanaendelea kupita na ndoo zao. Hukuwahi kupatana nao lolote, lakini njia uliiona siku ya kukagua, na huenda bei ilipungua kwa sababu yake. Ukiiziba kesho, utakuwa umenunua kwa bei ya shamba lenye njia na kujipatia shamba lisilo na njia. Kampuni inayokata viwanja Marekani huandika masharti kabla ya kuuza nyumba ya kwanza na kuyasajili kwenye ofisi ya kaunti. Tangu hapo yanafuata ardhi, si mtu. Ila njia ya kisimani inaonekana kwa macho, na sharti liko daftarini. Sheria huhesabu kwamba umelisoma hata kama hukuligusa.

Hoja hiyo ya bei ina umri. Mwaka 1808 Charles Tulk aliuza bustani ya Leicester Square, London, kwa sharti kwamba ibaki bustani. Ikapita mikononi mwa watu kadhaa hadi kwa Moxhay, aliyelijua sharti lakini akataka kujenga. Mwaka 1848 mahakama ilimzuia, na bustani ipo hadi leo. Zana hiyo, sharti linalofuata ardhi, ilivuka bahari na kutumika vibaya: masharti ya kuwazuia watu weusi kununua nyumba yalienea Marekani, mpaka mwaka 1948 Mahakama ya Juu ilipokataza mahakama kuyatekeleza.

Kwa nini karavani hasa? Vyama husema inashusha thamani ya nyumba za jirani, hoja inayorudiwa kuliko inavyothibitishwa. Hoja ya nafasi ina uzito zaidi: gari la mita 9 kwenye maegesho ya mita 6 huziba njia ya waenda kwa miguu. Masharti mengi, hata hivyo, hayapimi urefu bali huuliza kama karavani inaonekana kutoka barabarani. Basi mtu huamua kuificha nyuma ya uzio, akakuta sharti jingine linasema uzio usizidi futi 6, yaani kama mita 1.8, wakati karavani yake ina mita 3 na ushee. Sharti la kwanza linamtaka afiche kitu ambacho la pili halimruhusu kukificha.

Utetezi upo, ingawa hutofautiana kwa jimbo. Chama kilichofumbia macho karavani za wengine kwa miaka kinaweza kushindwa mahakamani kinapomwandama mmoja. Texas hairuhusu nyumba ipigwe mnada kwa deni la faini pekee. Serikali kuu nayo imeingilia mara chache: tangu 1996 vyama haviwezi kukataza dishi la setilaiti lisilozidi kipenyo cha mita moja, na tangu 2006 haviwezi kumzuia mtu kupeperusha bendera ya taifa nyumbani kwake. Karavani haijapata mtetezi wa namna hiyo Washington, kwa hiyo wenyewe wengi hulipia kila mwezi nafasi kwenye yadi za kukodisha nje ya mtaa.